Mwanangu anaitwa kazini Norilsk, kusiko na jua: nimzuie au nimpe baraka?

"Assalaam alaykum. Mimi ni mama wa Tanga. Mwanangu anamaliza uhandisi wa madini huko Urusi. Rafiki yake wa bwenini, kijana wa Dagestan, amemshawishi wakimaliza waende wote Norilsk, mji wa kaskazini kabisa, ambako ana mjomba wake migodini na mshahara ni mkubwa. Nimeulizia nikaambiwa huko jua halichomozi mwezi mzima na zaidi, na kiangazi halizami. Ataswali saa ngapi? Atafunga vipi? Shemeji yangu amesoma mahali kwamba wahamiaji wa Kiislamu wameuteka mji ule na Warusi wamewachoka. Mwingine kaniambia kinyume chake, kwamba vijana wakifika huko wanaishia kwenye pombe na dini inakufa. Sijui nimzuie au nimpe baraka. Naomba uniambie ukweli."

Waalaykumu ssalaam, mama. Umefanya vizuri kuuliza kabla ya kukataza, maana kijana wa umri huo ukimkataza bila kumpa sababu anaondoka kimyakimya, na habari zake unazipata kwa watu. Kazi yangu ni kufuatilia wafanyakazi wanaohama, na hofu zako zote tatu nimezisikia kwa wazazi wengine. Zina majibu. Ila kuna jambo moja hukulitaja, nalo lina uzito kuliko jua, pombe na maneno ya shemeji yako kwa pamoja: rafiki wa mwanao ana pasipoti ya Urusi, kwa kuwa Dagestan ni sehemu ya Urusi. Mwanao hana. Nitalifikia hilo baada ya kuondoa yale yanayokunyima usingizi.

Nianze na shemeji. Mji hutekwa na mgeni kutoka kwa mwenyewe, na Norilsk kabla ya 1935 hapakuwa na mji. Palikuwa na tundra, na wafugaji na wawindaji wa Rasi ya Taimyr: Wanganasani, Wanenet, Wadolgani. Kama kuna wenye haki ya kulalamika kwamba ardhi yao ilivamiwa, ni hao, na ni nadra kusikilizwa. Mwaka 1935 serikali ya Stalin ilifungua pale kambi ya wafungwa, Norillag. Wafungwa ndio waliochimba nikeli na shaba, wakajenga viwanda, nyumba, na reli fupi ya kwenda bandari ya Dudinka. Walitolewa kila pembe ya dola ya Kisovieti, Waislamu wakiwamo. Kambi ilifungwa mwaka 1956, na baada ya hapo wakaja vijana wa kujitolea na mafundi wa mikataba, waliovutwa na mshahara kama anavyovutwa mwanao leo. Kwa hiyo karibu kila mkazi wa Norilsk, awe Mrusi, Myukreni, Mtatari au Mlezgi wa Dagestan, ukimuuliza asili yake atakutajia mahali pengine.

Miji ya mafuta ya Siberia ya Magharibi nayo ina historia inayofanana. Mwaka 1961 mafuta yalipatikana Megion na timu iliyoongozwa na Farman Salmanov, mwanajiolojia Mwazeri, yaani mtu wa Azerbaijan. Baku ya Azerbaijan na Tatarstan ya Watatari walikuwa wameanza kuchimba mafuta muda mrefu kabla, kwa hiyo Siberia ilipohitaji wachimbaji wazoefu, waliotumwa wengi walikuwa Waazeri, Watatari na Wabashkiri. Surgut na Nizhnevartovsk zilikua mikononi mwa watu hao. Wengi wao hawakuwa wakiswali hadharani, maana ulikuwa wakati wa Usovieti, lakini walikuwapo. Anayesema Waislamu "wamefika juzi" anamaanisha kwamba ameanza kuwaona juzi.

Kilichobadilika ni miaka ya 1990. Usovieti ulipovunjika, Warusi na Wayukreni wengi waliondoka kaskazini kurudi kwenye miji yenye joto. Wakati huohuo Dagestan na Azerbaijan zilikuwa na vijana tele wasio na ajira, na wengi walikuwa na ndugu walioko kaskazini tayari. Ndugu akaita ndugu. Baadaye wakafuata Watajiki, Wakirgizi na Wauzbeki. Tajikistan imekuwa na miaka ambapo fedha zinazotumwa na wafanyakazi walioko nje zilikaribia nusu ya pato la taifa, kwa hiyo huwezi kushangaa kumkuta Mtajiki akizoa theluji kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Norilsk ina wakazi zaidi ya 170,000, na leo Waislamu wanaonekana migodini, sokoni, kwenye ujenzi na kwenye teksi.

Je, Warusi wamewachoka? Kuna chuki, sitakuficha. Baada ya shambulio la ukumbi wa Crocus karibu na Moscow tarehe 22 Machi 2024, ambalo watuhumiwa wake wakuu walikuwa raia wa Tajikistan, misako ya makaratasi iliongezeka nchi nzima, watu wakarudishwa kwao, na mikoa kadhaa ikapiga marufuku wahamiaji kufanya baadhi ya kazi, zikiwamo za udereva wa teksi. Polisi akimwona mwanao barabarani hatajua kama ni mhandisi. Hata hivyo, kwenye miji kama Norilsk watu hupimana pia kwa miaka waliyostahimili. Wanaishi kama watu wa kisiwani: hakuna barabara wala reli inayouunganisha mji na Urusi nyingine, ni ndege, au meli kupitia Dudinka. Aliyevumilia misimu mingi ya dhoruba anapata heshima ambayo aliyewasili mwaka huu hana, na katika hilo mchimbaji wa Derbent, Dagestan, anaweza kumpita Mrusi wa Moscow.

Sasa jua. Mimi si mufti, kwa hiyo haya yachukue kama maelezo ya yaliyosemwa na wanaofahamu, kisha umuulize sheikh wenu. Norilsk jua halichomozi kuanzia mwisho wa Novemba hadi katikati ya Januari, na kiangazi halizami kwa takriban miezi miwili. Nje ya vipindi hivyo linachomoza na kuzama kila siku, ingawa mapema sana au kwa kuchelewa sana. Sisi wa pwani, ambao hata saa zetu tunazihesabu kwa jua la saa kumi na mbili, tunadhani tatizo hili ni jipya. Limezungumzwa zaidi ya miaka elfu. Ibn Fadlan, mjumbe wa khalifa wa Baghdad, alifika kwa Wabulgari wa mto Volga mwaka 922 akakuta usiku mfupi kiasi kwamba baina ya swala ya usiku na alfajiri hapakuwa na nafasi ya kulala. Ibn Battuta, yuleyule aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, anaeleza kufunga Ramadhani huko Bulgar, mji wa hao Wabulgari, na kusikia habari za Nchi ya Giza iliyo mbele yake. Wanahistoria wengi wana shaka kama kweli alifika Bulgar, lakini habari za giza la kaskazini zilikuwa zimeshaenea. Na wanazuoni wa Kitatari wa Kazan walibishana kwa vizazi juu ya swala ya Isha wakati wa kiangazi ambapo shafaki, yaani wekundu wa angani baada ya jua kuzama, haipotei. Shihabuddin Marjani aliandika kitabu kizima kutetea kwamba Isha haiondoki.

Msingi wa hoja uko kwenye hadithi iliyopokewa katika Sahih Muslim kuhusu siku ya Dajjal itakayokuwa ndefu kama mwaka. Masahaba waliuliza kama swala za siku moja zingetosha siku hiyo. Mtume (s.a.w.) akajibu hapana, wakadirie. Kukadiria ndiko kunakofanyika. Njia zilizozoeleka ni kufuata mji wa karibu wenye usiku na mchana unaotofautika, kufuata nyakati za Makka, au kufuata ratiba ya mji mkubwa wa nchi hiyo. Wanazuoni wa Kishafii, ambao sisi wa pwani tunawafuata, huelekea zaidi kwenye mji wa karibu. Inuvik, kaskazini mwa Kanada, Waislamu wamekuwa wakifuata saa za Edmonton. Tromsø, Norway, imeripotiwa kuwa wamefuata Makka. Norilsk ina imamu na msikiti wenye ratiba, na mgeni hufuata ratiba hiyo badala ya kuwa na saa yake peke yake chumbani.

Kuhusu saumu, nakupa jambo la kukutuliza. Ramadhani husogea nyuma siku kumi na moja hivi kila mwaka. Zile saumu za Juni zilizowatesa watu wa kaskazini kati ya 2015 na 2018 zimepita. Kwa sasa inaangukia majira ya baridi, na mwaka 2030 itaingia mara mbili, mapema Januari na tena mwishoni mwa Desemba. Kwa hiyo kwa miaka kadhaa ijayo swali la Norilsk litakuwa namna ya kufunga wakati mchana ni mfupi mno au haupo, na hapo watu wakikadiria huishia kufunga saa nyingi kuliko ambazo jua lingewalazimu.

Msikiti wenyewe unaitwa Nurd Kamal, ulifunguliwa mwaka 1998, na umetambuliwa na Guinness kuwa ulio kaskazini kuliko yote duniani. Uligharimiwa na mfanyabiashara Mtatari mzaliwa wa Norilsk, na jina lake limetokana na majina ya wazazi wake, Nuritdin na Gaynikamal. Mnara wake una pembe nne, tofauti na minara ya mviringo tuliyoizoea. Na kama majengo mengine ya mji, lazima uzingatie kwamba chini ni ardhi iliyoganda daima.

Hapo ndipo tunapofika kwenye lile la dini kufa. Aliyekuambia kuhusu pombe hakudanganya. Baridi, giza, mshahara mnono na kukaa mbali na mama ni mchanganyiko mbaya kwa kijana wa dini yoyote. Lakini nimeona zaidi upande wa pili. Kijana wa kijijini Tajikistan huswali kwa sababu babu yake anaswali na jirani anamtazama. Akifika kaskazini hakuna babu. Inabidi aamue mwenyewe. Wapo wanaoacha, na wapo wanaoanza kuswali kwa mara ya kwanza kwa kujua wanachofanya. Kinachowasukuma wengi kwenye msikiti mwanzoni ni shida za kawaida: pale ndipo unaposikia nani anatafuta fundi, nani ana kitanda cha kupangisha, nani amefiwa na mchango unahitajika kusafirisha maiti. Futari ya pamoja mwezi wa Ramadhani inamlisha mtu ambaye vinginevyo angekula tambi za kuloweka chumbani.

Na humo msikitini watu hubadilika. Nyumbani kwao Dagestan huyu ni Mwavari, yule ni Mkumyki, kila mmoja na lugha yake na kijiji chake. Norilsk wanasimama safu moja na Mtatari wa madhehebu ya Hanafi na Mwazeri ambaye huenda ni Mshia, na lugha inayowaunganisha wote ni Kirusi. Kwa hiyo Kirusi, lugha ambayo bibi zao waliihusisha na serikali na shule, inakuwa lugha ya mawaidha. Mwanao anayekijua Kirusi hatakuwa bubu pale. Tena Wadagestani wengi ni Mashafii kama ninyi. Atamkuta mtu anayesoma qunuti ya alfajiri na atajihisi yuko Ngamiani.

Watoto waliozaliwa huko ndio kizazi cha kuangalia. Baba zao hujenga nyumba kijijini na kusema kila mwaka kwamba mwakani wanarudi. Tunaijua hali hiyo kwa ndugu zetu walioko Muscat na Dubai. Tofauti ni kwamba Mdagestani yuko ndani ya nchi yake, hakuna anayeweza kumnyima kubaki, na mtoto wake anajiita mtu wa Norilsk bila kuomba ruhusa. Kijijini anakwenda likizo, anawasalimu wakubwa, anaona joto limezidi. Mwanao akienda, asiangalie utulivu wa familia ya rafiki yake akadhani na yeye atapewa huohuo.

Maana sasa tunaingia kwenye karatasi. Tangu 2001 Norilsk ni mji uliofungwa kwa wageni: raia wa nchi ya nje haruhusiwi kuingia bila kibali maalumu, na kibali hicho hupitia vyombo vya usalama. Rafiki yake anakata tiketi na kupanda ndege. Mwanao akifanya hivyo anaweza kuzuiwa uwanjani, na kwa mgeni kosa la namna hiyo linaweza kumfukuzisha nchini. Pili, Mkirgizi anafanya kazi Urusi kwa urahisi kwa sababu nchi yake iko ndani ya Umoja wa Kiuchumi wa Ulaya na Asia tangu 2015. Mtajiki na Mwuzbeki hununua kibali kinachoitwa patenti, ambacho ni cha raia wanaoingia bila viza. Mtanzania anaingia kwa viza, kwa hiyo njia ya patenti haimhusu. Mwajiri ndiye anayepaswa kumwombea ruhusa ya kazi. Mjomba wa rafiki si mwajiri.

Na ule mshahara una masharti. Norilsk mshahara wa msingi huzidishwa kwa 1.8, kisha huongezwa asilimia kidogokidogo kadiri mtu anavyodumu kaskazini, hadi 80. Hiyo ni kwa mwenye mkataba halali wa ajira. Aliyechukuliwa na kampuni ndogo ya kandarasi, akalipwa mkononi, anapata baridi yote na nusu ya fedha. Aidha, tangu 2022 benki kadhaa kubwa za Urusi ziliondolewa kwenye SWIFT, mfumo ambao benki hutumia kutumiana fedha kimataifa, kwa hiyo hata akilipwa vizuri, muulize kwanza fedha zitafikaje Tanga.

Kuna mambo mawili mengine ambayo vijana wetu hawaambiwi. Jamaa wa Tabligh, ambao kwetu wanalala msikitini na kuhubiri bila tatizo, Urusi walipigwa marufuku mwaka 2009 kama kundi la itikadi kali. Kijana akiwapokea chumbani kwa nia njema, anaweza kufungwa. Amuulize imamu wa msikiti uliosajiliwa kabla ya kuhudhuria darasa lolote la nyumbani. La pili ni ahadi za kazi. Mwaka 2024 shirika la habari la AP liliripoti juu ya wasichana wa Kiafrika, wakiwamo wa Uganda, walioahidiwa kazi na mafunzo wakajikuta wakiunda droni za kivita huko Yelabuga, Tatarstan. Januari 2023 serikali yetu ilithibitisha kifo cha Mtanzania aliyekuwa akisoma Urusi, akafungwa, kisha akaahidiwa msamaha akijiunga na Wagner, kundi la Kirusi la askari wa kukodiwa. Sisemi rafiki wa mwanao ana nia mbaya; inawezekana kabisa anampenda. Nasema mkataba wowote wenye neno la jeshi au ulinzi, au ulioandikwa kwa Kirusi cha kisheria asichokielewa, asiusaini bila kuusomewa na mtu asiyefaidika nao.

Afya nayo usiidharau. Ngozi nyeusi inahitaji jua zaidi ili mwili utengeneze vitamini D, na miezi bila jua huleta uchovu na huzuni ambayo kijana anaweza kuiita uvivu. Apime kabla ya kwenda, na akianza kulala mchana kutwa au kukata simu zako, aonane na daktari. Norilsk vilevile ina historia ya moshi wa salfa kutoka viwandani. Kama ana pumu, mimi ningemwambia asiende.

Ukiniuliza maoni yangu: mhandisi wa madini wa Kitanzania ana njia nyingine. Geita na Bulyanhulu kuna dhahabu, na nikeli ileile iko Kabanga, Ngara. Kama anachotaka ni kuona kaskazini, Norway na Kanada nazo zina miji ya giza yenye Waislamu. Msikiti wa Inuvik uliletwa mzima kutoka Winnipeg mwaka 2010 kwa lori na tishari, safari ya zaidi ya kilomita 4,000. Huko pia viza ni ngumu, lakini sheria za mkataba ni rahisi kuzifuatilia. Norilsk ningeikubali kwa sharti moja tu: kampuni yenyewe, kwa jina lake na barua yake, imwajiri na imwombee vibali vyote viwili, cha kazi na cha kuingia mjini.

Kwa hiyo usimzuie wala usimpe baraka bado. Mwombe akutumie barua ya ajira. Aipeleke ubalozi wetu Moscow waiangalie, na nakala uipeleke wewe ofisi ya huduma za ajira ya serikali au Wizara ya Mambo ya Nje. Masuala ya swala aongee na imamu wa msikiti anaoswali sasa, ambaye bila shaka ana waumini waliowahi kufanya kazi kaskazini. Na kama barua haijaja kwa maandishi, asikate tiketi, hata kama yule mjomba atapiga simu usiku kusema nafasi inakwenda kwa mwingine.